Tabora: Pale ikolojia inapotoka kwenye daftari

Mwambie mtoto wa darasa la sita achore mnyororo wa chakula. Atachora nyasi, swala na simba, ataweka mishale miwili katikati, atapata vema yake na kufunga daftari. Sasa mwulize mwembe ulio uani kwa jirani unamlisha nani, na huyo naye analiwa na nani. Wengi hukwama hapo. Maneno wanayo, mzalishaji, mlaji, mwozeshaji, lakini ni maneno ya mtihani tu. Akifika kidato cha kwanza atayakuta yote upya kwa Kiingereza, na kama hana picha yoyote kichwani ya kuyashikilia, atakariri tena.

Mzazi mwenye ndugu Tabora, au anayepita huko kwenda Kigoma, Mwanza au Katavi, ana darasa la bure ambalo wengi hulipita wamelala kwenye basi. Tabora si Serengeti. Hakuna foleni ya magari ya watalii. Kuna miembe, kuna stesheni ya reli, kuna asali, na pande zote kuna miombo. Lakini hadithi ya kiumbe mmoja kumtegemea mwingine, na ya nini hutokea utegemezi huo ukivunjika, imeandikwa katika ardhi ya Unyamwezi kuliko katika kitabu chochote cha sayansi cha shule ya msingi. Sehemu ya hadithi hiyo inahusu afya ya mtoto mwenyewe.

Somo linaanzia dirishani. Treni ya reli ya kati ikitoka Dodoma hupita kwanza nchi kavu ya Wagogo yenye mibuyu. Baada ya Manyoni huja vichaka vya Itigi, vimesongamana kiasi kwamba mtu hapiti bila panga. Kisha miti inaanza kurefuka na kuachiana nafasi, na nyasi zinaonekana chini yake. Hiyo ndiyo miombo. Mtoto asiambiwe chochote bado. Aulizwe tu kwa nini miti imebadilika. Akijibu mvua, amepata nusu. Akitaja na udongo, amepata yote, na kwa lugha ya darasani ametaja vitu visivyo na uhai vinavyoamua nani aishi wapi.

Miti isiyotegemea udongo peke yake

Miombo imeenea kuanzia Tanzania hadi Angola na Msumbiji, ikipita Zambia, Malawi, Zimbabwe na Kongo. Jina lenyewe limetokana na lugha za Kibantu za ukanda huu. Tabora iko juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari na ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo miezi inapita bila tone. Anayefika Septemba au Oktoba hukuta ajabu: mvua bado, vumbi limetanda, lakini mitundu imechipua majani mapya mekundu kama ya kupakwa rangi. Miti imetumia maji na akiba iliyobaki chini kujiandaa mapema.

Udongo wa nchi ya miombo kwa sehemu kubwa ni wa kichanga na una rutuba ndogo. Msitu mzima unaishije hapo? Jibu liko mizizini, ambako kuvu wamejishikiza. Nyuzi zao nyembamba huenea mbali kuliko mizizi yenyewe, hukusanya maji na madini na kuupa mti. Mti nao huwalipa kuvu sukari iliyotengenezwa na majani kwa mwanga wa jua. Kila mmoja anafaidika. Mvua zikishika, kuvu hao huchomoza juu kama uyoga, na wauzaji huupanga kwenye mabeseni kando ya barabara. Mtoto akiona beseni la uyoga ameona upande wa pili wa mti. (Anunuliwe uliochumwa na wenyeji wanaoujua na upikwe vizuri. Asiruhusiwe kuchuma mwenyewe. Uyoga wenye sumu unaweza kufanana na ule wa kula, na sumu za aina fulani huharibu ini kabla dalili hazijaonekana sawasawa.)

Kichuguu nacho kisipitwe. Vipo vilivyomzidi mtu mzima urefu. Mchwa hawamezi ukuni wakaishia hapo; huupeleka ndani, wakalima juu yake bustani ya kuvu, kisha wakala kuvu. Ni wakulima. Mvua za kwanza huwatoa wale wenye mabawa, kumbikumbi, na siku hiyo kila mtu ni mlaji wao: kuku, vyura, ndege, watoto. Mti uliokufa miaka kadhaa iliyopita umegeuka nyama ya kuku kwa njia hiyo. Udongo wa kichuguu huwa na madini mengi kuliko wa pembeni, ndiyo maana wakulima hupenda kupanda juu ya kichuguu cha zamani. Ndiyo maana pia baadhi ya wajawazito huutafuna. Wauguzi hukataza, na wana sababu: udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo, na ulaji huo huenda pamoja na upungufu wa damu.

Asali na anayeilipa

Zawadi ya Tabora ni asali, na mji una chuo cha ufugaji nyuki. Nyuki huhitaji maua na maua huhitaji nyuki. Uchavushaji ni mada ambayo mtoto huielewa kwa dakika moja akilamba kijiko. (Mdogo wake aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga haujaweza kuzizuia, zikatoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Hata asali safi, hata ya bibi.)

Jambo gumu zaidi limetundikwa mtini. Mzinga wa asili wa gome hutengenezwa kwa kubandua gome la mti kuzunguka shina lote, likabaki kama bomba. Mti huo hufa, kwa sababu mirija inayoshusha chakula kutoka majanini kwenda mizizini imo ndani ya gome, nayo imekatwa. Mfugaji anayebandua kila msimu anapunguza maua ambayo nyuki wake watayategemea. Ndiyo maana wataalamu wamehimiza mizinga ya mbao kwa miaka mingi. Hata hivyo mizinga ya gome bado ipo, kwa sababu haihitaji fedha, na mwenye kaya asiyekuwa na fedha halaumiwi na mtu aliyekuja kwa treni.

Huku porini yuko mlembe, ndege mdogo asiye na rangi za kujivunia, anayemwita binadamu kwa sauti na kumwongoza hadi kwenye nyuki. Mtu hupata asali, mlembe hubaki na nta na viluwiluwi. Mtoto atampenda papo hapo. Kisha aambiwe na la pili: mlembe huyo huyo hutaga mayai katika viota vya ndege wengine, wakiwamo keremkerem, na kifaranga chake huzaliwa na ncha kali mdomoni ya kuwaulia vifaranga wa mwenye nyumba. Kwa binadamu ni mshirika na kwa keremkerem ni kimelea, yote katika ndege mmoja. Watoto wanaopenda kugawa wanyama katika wazuri na wabaya hupata taabu sana hapa, na taabu hiyo ni nzuri.

Kwihara, chini ya mwembe

Kilometa chache nje ya mji, Kwihara, kuna tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 baada ya kukutana Ujiji. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika hapa Juni, miezi mitatu kwa miguu. Burton na Speke walikuwa wamemtangulia, walifika Novemba 1857, wakati mahali hapa pakiitwa Kazeh. Wazungu hao wanasifiwa kwenye vibao, lakini njia waliyoipita ilikuwa ya Wanyamwezi, wapagazi waliobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na vitambaa, shanga na bunduki. Ilikuwa pia njia ya watumwa, na mtoto wa darasa la sita ana umri wa kutosha kuambiwa hivyo.

Kwa macho ya ikolojia, msafara ni kundi kubwa la walaji wanaohama. Mamia ya watu wanaokula kila jioni wanabadilisha nchi. Mashamba ya mtama yalipanuka, mpunga ukalimwa mabondeni kwenye mbuga. (Neno hili huwachanganya watoto: mjini mbuga ni hifadhi ya wanyama, Unyamwezini mbuga ni bonde tambarare la udongo mweusi unaotuamisha maji.) Viazi vitamu vilichemshwa na kukaushwa vikawa matoborwa, chakula kinachokaa muda mrefu bila kuharibika, na wapo wanaosema jina la Tabora limetoka hapo. Tembo walipungua kwa ajili ya pembe. Tembo huangusha miti na kufungua uwazi katika pori. Wakiondoka, vichaka hupata nafasi.

Na mwembe ulikuja. Asili yake ni Asia ya Kusini. Waarabu na Waswahili waliupanda kwenye vituo vya njia, na leo mistari ya miembe mikongwe huonyesha njia hiyo ilikopita. Huyo ni mgeni aliyepokelewa: popo na ndege wanamla, kivuli chake kinatumika, na hakuna anayetaka aondoke.

Mgeni mwingine hakupokelewa, lakini aliingia. Mwaka 1872, mwaka ule ule wa tembe la Kwihara, meli kutoka Brazil ilitia nanga pwani ya Angola ikiwa na funza. Kiroboto huyo hakuwapo Afrika Mashariki. Hana mabawa, haruki mbali, hawezi kuvuka bara kwa nguvu zake. Alibebwa katika nyayo za wapagazi na askari, kambi hadi kambi, mchanga hadi mchanga, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Mtoto anayetolewa funza leo Kigoma, Kagera au kokote kwenye sakafu ya vumbi anaumwa na mdudu aliyesafiri kwa njia za biashara. Funza huhitaji vumbi kavu, na huhitaji mwenyeji: binadamu, mbwa, nguruwe, panya. Kumtoa kwenye kidole tu bila kushughulikia sakafu na mbwa ni kukata kiungo kimoja na kuuacha mnyororo mzima.

Ng'ombe walipokufa, mbung'o akarudi

Kuna tukio moja ambalo, kama mwalimu angeruhusiwa mfano mmoja tu wa mfumo ikolojia kuvunjika, lingetosha.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka, ugonjwa wa virusi vya ng'ombe, uliingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini mashariki. Kufikia 1890 na 1891 ulikuwa Afrika Mashariki. Ng'ombe walikufa kwa maelfu na maelfu. Katika maeneo mengi walibaki wachache tu katika zizi lililokuwa limejaa. Nyati na wanyama pori wengine walikufa pia. Njaa ikafuata, na ndui, na vita vya Wajerumani. Mwanzoni mwa 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua ndani ya boma lake mjini Tabora ili asikamatwe.

Sasa tufuate nyasi. Ng'ombe walikuwa wakizila na kuzikanyaga. Watu walikuwa wakilima, wakifyeka, wakichoma moto kwa wakati wake. Ng'ombe hawapo, watu wamepungua, mashamba yameachwa. Vichaka vikaota palipokuwa malisho. Wanyama pori walioponea wakazaana upesi kuliko ng'ombe, wakaingia vichakani. Na nyuma yao akaja mbung'o.

Mbung'o, au ndorobo, si kama mbu. Jike hatagi mamia ya mayai. Hulea lava mmoja tumboni, humzaa kila baada ya siku tisa au kumi, na lava huyo hujifukia katika udongo wenye kivuli. Kwa hiyo anahitaji vitu viwili, damu na kivuli. Kichaka kilichojaa wanyama kinampa vyote. Naye hubeba vimelea vya nagana kwa ng'ombe na vya malale kwa binadamu. Kumbe wafugaji waliotaka kuanza upya walikuta nchi yao imeshikwa: wakileta ng'ombe, wanakufa, wasipoleta, vichaka vinazidi, na mbung'o wanazidi.

Helge Kjekshus, aliyeandika kitabu juu ya ikolojia na historia ya Afrika Mashariki mwaka 1977, alisisitiza kwamba kabla ya maafa hayo wenyeji walikuwa wameidhibiti nchi yao kwa kilimo na mifugo. Baadhi ya wanahistoria wamemwona amepaka picha ya kale rangi nzuri mno. Lakini mlolongo wenyewe, ng'ombe, nyasi, kichaka, mnyama, inzi, mgonjwa, umekubalika, na mtoto anaweza kuuchora kwa mishale mitano.

Waingereza walipokuja walijaribu kuukata kwa njia mbili. Miaka ya 1920 na 1930 watu wa magharibi mwa Tanganyika walihamishwa kutoka vijiji vilivyotawanyika na kukusanywa katika makazi makubwa, ili ardhi inayowazunguka isafishwe. Na Shinyanga, kaskazini mwa Tabora, miti ilifyekwa katika maeneo makubwa. Inzi walipungua kweli. Lakini kivuli hakikuwa cha inzi peke yake. Udongo uliobaki wazi ulisombwa, kuni zikawa mbali, malisho ya kiangazi yakakosekana. Kufikia miaka ya 1980 watu waliiita Shinyanga jangwa. Mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulirudi kwenye jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo tangu zamani, ngitili: kutenga eneo la malisho, kulifunga wakati wa mvua na kulifungua kiangazi. Hakukuhitajika kupanda miti mingi. Visiki na mizizi vilikuwa hai chini, vikisubiri kuachwa. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi.

Sotoka wenyewe ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Malale bado hayajaisha. Yamepungua sana, ila pori la magharibi lina historia nayo, hasa Urambo, Kaliua na upande wa Kigoma, na wanaong'atwa zaidi ni warina asali, wawindaji na wanaoishi kambini porini. Familia inayokwenda Ugalla, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, ivae mikono mirefu ya kitambaa kizito na iache nyumbani nguo za bluu na nyeusi, rangi zinazomvutia mbung'o. Mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha bluu kwa sababu hiyo. Anang'ata mchana na hufuata hata gari linalotembea. Wengi wa mbung'o hawana vimelea, kwa hiyo kung'atwa si hukumu. Lakini homa ikija baada ya safari ya porini na kipimo cha malaria kikawa safi, mzazi amwambie daktari wazi walikuwa pori gani. Daktari wa Dar es Salaam hawezi kukisia Ugalla. Malale yasipotibiwa huua, yakiwahiwa hutibika.

Moshi wa bani

Njia ya kwenda Urambo inaonyesha mnyororo mwingine, huu wa fedha. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walijaribu mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, kuanzia 1947. Ukaanguka ndani ya miaka michache. Tumbaku ikachukua nafasi Urambo, na Tabora ikawa mkoa wa tumbaku. Majani ya aina inayolimwa zaidi hukaushwa kwa joto ndani ya bani, na bani hula kuni za miombo usiku na mchana kwa siku kadhaa. Mti uliolisha nyuki, kuvu na mchwa unaishia kuwa moshi. Zao hilo limejenga nyumba za bati na kulipa karo. Mkulima anajua hesabu yake. Ila hesabu ya mti haimo humo, kwa kuwa mti hakuununua.

Likizoni watoto husaidia shambani, na wa mjini waliokuja kusalimia hutaka kusaidia pia. Jani bichi la tumbaku lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi. Mtoto mwenye mwili mdogo hupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, na watu wakadhani amekula kitu. Abaki nyumbani. Akishika, aoshwe kwa sabuni mara moja na abadilishwe nguo zilizolowa.

Kwa wanaotaka kazi ya likizo iliyo nyepesi, vijiti vinne na kamba vinatosha. Mtoto apime mita moja ya mraba kando ya kichuguu au chini ya mwembe, azungushe kamba, aandike kila kilicho ndani asubuhi, kisha arudi jioni: siafu, jani linalooza, kinyesi cha mbuzi, kokwa lililotafunwa, uyoga. Baadaye aunganishe kwa mishale nani anamtegemea nani. Ukurasa mmoja hautoshi, apewe karatasi ya ziada. Na kabla hajapiga magoti kwenye vumbi, avae viatu vya kufunika.